Kihispania: nikieleza siku yangu, "me" na "se" zikae wapi na zisikae wapi?

Mtembezi_Amboni

Assalaam aleikum wana jukwaa. Natembeza wageni Mapango ya Amboni na Tanga mjini. Wanaozungumza Kihispania hupenda kuuliza siku ya mtu wa huku inakwendaje, tangu alfajiri mpaka kulala. Nimeandaa maelezo mafupi, ila hivi vijineno me, te, se vinanipiga chenga: pengine vinatakiwa, pengine havitakiwi. Naomba mnisahihishie, na kama ipo kanuni ya kushika nipeni:

"Despierto a las once de la mañana. Se levanto, me lavo mis manos y mi cara y ducho. Me desayuno té con mandazi. Me pongo mi camisa y voy al trabajo en bicicleta. A las dos de la noche mi esposa y yo nos cenamos. Voy a acostarse a las cinco."

Jingine: kuoga ni ducharse au bañarse? Nasikia yote mawili.

MwalimuNgamiani

Waaleikum salaam, mkuu. Wanafunzi wengi huambiwa kwamba se ndiyo -ji- yetu. Ni kweli kwa me miro en el espejo (najitazama kwenye kioo) au me preparo (najiandaa). Lakini kwa shughuli za asubuhi -ji- haikufikishi mbali, maana hatusemi "najiamka" wala "najioga". Ukiisubiri -ji- ndipo uweke se, nusu ya vitenzi vyako vitakosa.

Shika jozi hizi badala yake: amka na amsha, oga na ogesha, vaa na visha, lala na laza, keti na ketisha. Sisi kitenzi kitupu ndicho cha mtu mwenyewe, kisha tunakinyambua tukitaka kumtendea mwingine. Kihispania kinakwenda kinyume. Kitenzi kitupu ndicho cha kumtendea mwingine, na se ndiyo inayokirudisha kwa mwenyewe. Acostar ni kulaza, acostarse ni kulala kitandani. Vestir ni kuvisha, vestirse ni kuvaa. Bañar ni kuogesha, bañarse ni kuoga. Sentar ni kuketisha, sentarse ni kuketi. Levantar ni kuinua, levantarse ni kuinuka.

Kwa hiyo ukisema acuesto a las once, mgeni amesikia "nalaza saa tano" na anangoja umtaje unayemlaza. Ukitaka kusema unamlaza mtoto, ni acuesto al niño, bila me. Ukilala wewe, me acuesto. Ndiyo maana ducho yako imebaki inaning'inia.

Despertar ina ulegevu kidogo: utaikuta bila se kwa maana ya kuamka, hasa kwenye maandishi. Katika mazungumzo ya kila siku sema me despierto.

Vitenzi vya kula vya siku havimo kwenye mkumbo huu: desayunar, almorzar, cenar (kula asubuhi, mchana, usiku). Trabajar (kufanya kazi), cocinar (kupika) na descansar (kupumzika) navyo vivyo hivyo. Sema cenamos tu. Me desayuno si kwamba haipo kabisa, baadhi ya wasemaji wanayo, hasa Amerika ya Kilatini, lakini desayuno inakubalika kila mahali, basi anza nayo.

Kosa linalosikika zaidi masikioni mwa mwenyeji ni se levanto. -Ji- yetu haibadiliki: najiosha, unajiosha, wanajiosha. Ya kwao inamfuata mtendaji: me levanto, te levantas, se levanta, nos levantamos, os levantáis, se levantan. Katika wakati uliopo, mwisho wa -o hautembei na se hii hata siku moja. Jifunze kijineno na mwisho wake kwa pamoja, kwa sauti, kama kitu kimoja.

BiRaskazone

Mwalimu amemaliza la kitenzi, lakini kaka, saa zako ndizo zitakazoleta kizaazaa. Umeandika kwa saa ya Kiswahili. Mgeni ataelewa unaamka saa tano asubuhi jua limeshapanda, unakula chakula cha usiku saa nane usiku wa manane, halafu unalala karibu na adhana ya alfajiri! Ruka saa sita kila mara: saa 11 alfajiri ni las cinco, saa 1 asubuhi ni las siete, saa 2 usiku ni las ocho, saa 5 usiku ni las once. Saa 7 peke yake inachukua umoja: a la una. Nyingine zote a las. Nusu ni y media, robo ni y cuarto, kasorobo ni menos cuarto. Na mgeni kutoka Hispania akikwambia ceno a las diez, hajakosea: saa nne usiku kwao ni kawaida kabisa.

Sasa mis manos. Hapa Kiswahili chako kinakubeba, usikiache. Sisi tunasema "nanawa mikono", hatusemi "mikono yangu", kwani utanawa ya nani? Kihispania vivyo hivyo: me lavo las manos, me lavo la cara, me cepillo los dientes. Me imeshasema ni za nani. Tazama pia "nimejikata kidole": me he cortado el dedo, yaani mpangilio uleule. Na mama akimwosha mtoto uso, ile -m- yetu ndiyo le yao: la madre le lava la cara al niño. Nguo nazo zinafuata mkondo huo, me pongo la camisa, me quito los zapatos.

Tofauti ndogo iko kwenye wingi. Sisi tukiwa watu wengi tunanawa nyuso. Wao husema nos lavamos la cara, uso mmoja, kwa sababu kila mtu anao mmoja. Mikono ni miwili kwa kila mtu, kwa hiyo las manos.

Kuoga: Hispania, ducharse ni maji yanayokumwagikia kutoka juu, bomba la mvua. Bañarse ni kuingia majini, beseni kubwa au bahari. Kwa hiyo me baño en el mar ni kuogelea au kuoga baharini, hutakosea ukiisema pale Raskazone. Meksiko na nchi nyingi za Amerika ya Kilatini, bañarse hutumika kwa kuoga kokote. Anayeoga maji ya ndoo kwa kata aseme me baño, maana me ducho itamfanya mgeni afikirie bomba la mvua.

Mwambao_Pangani

Naongeza mahali pa kukaa kijineno, maana voy a acostarse haijaguswa. Kitenzi kikiwa na mtendaji, kijineno kinatangulia na kinaandikwa peke yake: me acuesto. Vitenzi vikiwa viwili, unachagua, kitangulie vyote au kigande mwishoni mwa cha pili: me voy a acostar au voy a acostarme. Zote sawa. Kisichofaa ni kukiacha -se pale mwishoni ukijisema mwenyewe. Kamusi inaandika acostarse, wewe unabadilisha iwe acostarme, acostarte, acostarnos. Katika estar na -ndo (kitendo kinachoendelea sasa hivi) ni hivyohivyo: me estoy vistiendo au estoy vistiéndome, na hapo kwenye kugandisha usisahau alama juu ya é. Katika me he levantado huna uchaguzi, me inatangulia he.

Ila kwenye aya yako weka me acuesto. Voy a acostarme ni ya leo usiku, siyo desturi ya kila siku.

Irabu nazo zinageuka: despertarse hutoa me despierto, acostarse hutoa me acuesto, vestirse hutoa me visto. Zinageuka kila mahali isipokuwa kwa nosotros (sisi) na vosotros (nyinyi ya kirafiki ya Hispania): nos despertamos, nos acostamos, nos vestimos. Ponerse na irse zina zao, me pongo na me voy. Na angalia: voy al trabajo en bicicleta ni nakwenda kazini kwa baiskeli, me voy ni naondoka. Unaweza kusema me voy a las siete kisha uendelee na usafiri.

Aya nzima basi:

"Me despierto a las cinco de la mañana. Me levanto, me lavo las manos y la cara y me ducho. Desayuno té con mandazi, me pongo la camisa y voy al trabajo en bicicleta. A las ocho de la noche mi esposa y yo cenamos, y me acuesto a las once."

Mtembezi_Amboni

Mungu awabariki. Mawili tu yamebaki. Kwanza, me siento nimeikuta kwa "nakaa" na kwa "najisikia", ipi sahihi? Pili, naweza kutumia hivi vitenzi kuwaelekeza wageni pangoni?

MwalimuNgamiani

Zote sahihi. Sentarse na sentirse zinakutana kwenye yo (mimi) peke yake. Kwa mtu mwingine zinaachana: se sienta, anakaa, se siente bien, anajisikia vizuri. Na dormir usiichanganye na dormirse. Duermo ocho horas ni kulala usingizi kwa muda huo. Me duermo ni ile nukta ya kupitiwa na usingizi, kwa mfano me duermo en el autobús.

Matamshi yasikutishe, watu wa pwani tunayo herufi zao nyingi tayari. J ya trabajo ni kh ya kheri. D ya me quedo inalainika kuwa dh ya dhahabu, na g ya luego inakaribia gh ya ghali. C ya me cepillo ni th ya thamani kwa wengi wa Hispania, s kwa Amerika ya Kilatini.

BiRaskazone

Pangoni tumia adabu ya usted, yaani wewe ya heshima, wingi wake ustedes. Ukiamuru, kijineno kinaganda nyuma ya kitenzi. Ukikataza, kinarudi mbele. Dari ikishuka: agáchense, inameni. Siéntense aquí, kaeni hapa. No se separen, msitawanyike. No se apoyen en la pared, msiegemee ukuta. Mgeni akiwa mmoja ondoa n: agáchese, siéntese, no se separe. Mkipita msikitini: quítense los zapatos, por favor. Kikundi cha vijana kutoka Hispania wakikuomba uwasemeshe kirafiki, unahamia vosotros, na hapo d inaanguka mbele ya os: sentad ni mketisheni mtu mwingine, sentaos ni kaeni nyinyi wenyewe.