Hamira iliyotulia inakufa haraka kuliko inayokua: kwa nini?

chachu_haploidi: Wakuu, naomba msaada. Hamira ni Saccharomyces cerevisiae ya haploidi, yaani yenye seti moja tu ya kromosomu. Kundi moja linavunwa likikua kwa kasi, jingine baada ya siku tatu kwenye YPD (mchuzi wa kukuzia hamira), likiwa limetulia, yaani limeacha kukua. Yote yanapigwa mionzi ya gama, dozi ya 0 hadi 400 Gy (grei), kisha yanapandwa kwenye agari. Zilizotulia ndizo zinazokufa zaidi. Mchoro wa zinazopona kwa kila dozi, kwa kundi linalokua, unashuka kwa kasi, halafu unalala. Mchanganyiko ukiwa mzito, takriban seli 10^8 kwa mililita, zote zinaonekana sugu. Kasoro iko kwenye namna ninavyopima?

mkia_wa_mchoro: Hiyo ndiyo tabia ya haploidi. Ikitulia inasimama G1 (hatua ya kabla ya kunakili DNA), bila chipukizi, yaani seli changa inayoota ubavuni mwa mama, na nakala moja tu ya kila kromosomu. Mionzi ikikata nyuzi zote mbili za DNA, ukarabati unaotegemea jeni ya RAD52 hauna nakala nzima ya kuigia. Seli yenye chipukizi kubwa imeshanakili DNA yake, kwa hiyo inajitengeneza. Hizo ndizo zinazolaza mchoro. Kabla ya kupiga mionzi, hesabu seli 200 kwa hadubini uandike asilimia ya zenye chipukizi. Bila namba hiyo, neno "iliyotulia" halina maana. Ukirudia kwa diploidi, yenye seti mbili za kromosomu, hata zilizo G1 zitastahimili, maana kila kromosomu ina mwenzake.

Angalizo: mama na chipukizi walioshikana hutoa koloni moja hata akipona mmoja tu. Mawimbi ya sauti kwa sekunde chache huvunja mabonge, lakini hayatenganishi chipukizi ambalo halijakamilika.

hewa_kwanza: Kuhusu mchanganyiko mzito, tazama oksijeni. Seli nyingi hivyo, hasa zenye mabaki ya glukosi, huimaliza ndani ya dakika chache, na bila oksijeni hamira huhitaji dozi kubwa zaidi, karibu mara 2.5 hadi 3, ili ife kwa kiwango kilekile. Osha mara mbili kwa maji safi yaliyotakaswa, punguza hadi 10^6 au 10^7 kwa mililita, weka kwenye barafu na upitishe hewa wakati wote wa mionzi. Usipige mionzi seli zikiwa zimetuama chini ya mrija.

chachu_haploidi: Asante sana. Je, zinaweza kusubiri kwenye maji hadi kesho yake ndipo nizipande?

mkia_wa_mchoro: Hapana, labda kama kusubiri ndiko unakokupima. Seli zilizotulia, hasa za diploidi, zikikaa kwenye maji bila chakula hupata muda wa kujikarabati kabla ya kugawanyika, na idadi ya zinazopona hupanda. Panda makundi yote mara moja, kwa muda uleule.

hewa_kwanza: Ukihamia urujuanimno wa nanomita 254, kuosha ni lazima zaidi, kwani YPD hufyonza miale hiyo. Tandaza tabaka la milimita chache, koroga, ondoa kifuniko. Baada ya hapo fanya kazi kwenye mwanga mwekundu na ufunge sahani kwa karatasi ya alumini: mwanga wa buluu huamsha kimeng'enya cha fotolaiezi, kinachofungua pirimidini zilizoungana, yaani herufi za DNA zilizogandishwa pamoja na urujuanimno. Sahani moja ikiachwa dirishani haifai tena kulinganishwa na nyingine.