Naomba ushauri: Yes, nichukue Fragile au Close to the Edge?
Wakuu, habari zenu. Nina hela ya santuri moja tu ya Yes, ile bendi ya Uingereza, na ubishi na jamaa zangu hauishi.

Wengi wananisukumia Close to the Edge ya 1972. Ina nyimbo tatu tu, na ule uliobeba jina la albamu ni karibu dakika 19, umejaza upande mzima. Nakubali ni kazi nzito, ila ile vurugu ya gitaa mwanzoni inafukuza watu sebuleni, mama watoto akiwa wa kwanza.

Mimi roho yangu iko kwa Fragile ya 1971. Besi ya Chris Squire kwenye Roundabout inanguruma hasa! Tatizo ni vile vipande vifupi vya kila mwanamuziki peke yake. Vingine naona ni vya kujazia tu.

Kuna mmoja anang'ang'ania Tales from Topographic Oceans, santuri mbili nyimbo nne. Hata Rick Wakeman, mpiga kinanda wao, alijiondoa baada ya hiyo.

Mliozisikiliza sana, ipi haichoshi? Na santuri iliyotumika inafaa, au nitafute mpya?