Mama mdogo anaanza mionzi Jumatatu, ukoo unataka tusubiri "dawa mpya". Naombeni ushauri

Mwana wa Mwandiga:
Wakuu, habari zenu. Niko Kigoma. Mama yangu mdogo, miaka 52, ana kansa ya mlango wa kizazi, hatua ya 2B. Alitokwa damu miezi mitano na zahanati moja ikawa inampa dawa za U.T.I. tu. Hakuna aliyewahi kumpima mlango wa kizazi, na hilo linaniuma mpaka leo. Sasa hospitali ya Bugando, Mwanza, wamempangia mionzi ya nje mara 25, dripu ya sisplatini (dawa ya kemo) kila wiki, kisha mionzi ya ndani.

Juzi kwenye kikao cha ukoo binamu yetu alisoma makala ya dawa zinazoondoa "vituo vya ukaguzi" vya seli ili mionzi iue kansa vizuri zaidi. Mjomba akasema tusimamishe kila kitu, tuuze shamba la michikichi, tumpeleke India. Mama mdogo kanyamaza, ananitazama mimi kwa sababu ndiye ninayemsindikiza hospitali. Hizo dawa zipo? Tusubiri? Sijalala siku ya tatu.

Bibi Nesi:
Pole sana mwanangu. Nimestaafu unesi, nami nakuomba kama mzazi: Jumatatu asikose. Mengine mtayauliza akiwa ameshaanza.

Fundi Mionzi:
Pole mkuu. Nafanya kazi kwenye mashine za mionzi, kwa hiyo nitaeleza kidogo, maana binamu yako hakusoma uongo.

Mionzi hukata DNA ya seli. Seli iliyokatwa haikimbilii kugawanyika, husimama kwanza ijitengeneze. Wewe ni mtu wa ziwani, utanielewa: mtumbwi uliotoboka pale Kibirizi hauingizwi majini mpaka ukalafatiwe. Seli ina sehemu kuu mbili za kusimama hivyo, na ndizo hizo "vituo vya ukaguzi". Ya kwanza, kabla ya kunakili DNA, inategemea sana protini iitwayo p53. Ya pili iko karibu kabisa na kugawanyika, na walinzi wake ni protini za ATR, CHK1 na WEE1. Virusi vya HPV, ambavyo ndivyo chanzo cha karibu kansa zote za mlango wa kizazi, huiharibu p53. Basi seli ya kansa imebaki na ulinzi wa pili tu. Ukiuondoa kwa dawa, seli inasukumwa majini na matundu yake, inagawanyika ikiwa imevunjika, inakufa. Seli nzima, isiyo ya kansa, bado ina ulinzi wa kwanza. Ni wazo zuri sana, na mimi nalifuatilia kwa matumaini.

Ila bado ni wazo la majaribio. Mwaka 2019 watafiti wa Michigan, Marekani, walichapisha jaribio la awali la adavosertibu, dawa ya kuzuia WEE1, pamoja na mionzi na jemsitabini, ambayo ni dawa ya kemo. Wagonjwa walikuwa 34, wa kansa ya kongosho. Matokeo yalitia moyo, lakini mwaka 2022 kampuni iliyokuwa ikiitengeneza iliachana nayo. Shida kubwa ni kwamba uboho na utumbo pia vina seli zinazogawanyika haraka, na mionzi ya nyonga inapita jirani na utumbo. Hakuna dawa ya kundi hilo iliyoidhinishwa kutumiwa na mionzi kwa ugonjwa wa mama. Mkiuza shamba, mtakuwa mnanunua nini?

Kijana wa Tabora:
Fundi, mbona pembrolizumabu ipo na inaitwa hivyohivyo, dawa ya vituo vya ukaguzi?

Fundi Mionzi:
Jina linafanana, kazi ni tofauti kabisa. Hiyo inaachia breki za kinga ya mwili, haigusi mgawanyiko wa seli. Marekani waliiidhinisha Januari 2024 itumike na mionzi na kemo kwa hatua ya 3 mpaka 4A. Mama yetu yuko 2B.

Na hiyo sisplatini msiidharau. Inajibandika kwenye DNA, seli inashindwa kurekebisha majeraha ya mionzi. Yaani mionzi yenye mwenzake ndiyo hiyo aliyopangiwa tayari.

Mama Kasulu:
Dada yangu alipita njia hiyohiyo, leo analima. Simamieni mambo haya: matibabu yote, ya nje na ya ndani, yaishe ndani ya wiki nane, kwa hiyo msirudi Kigoma katikati kwa msiba wala harusi. Wingi wa damu upimwe, maana uvimbe uliokosa oksijeni huvumilia mionzi. Figo zipimwe kabla ya kila dripu, na maji anywe kama alivyoelekezwa. Chumba tafuteni karibu na hospitali. Kupanda daladala huku mionzi ikimharisha ni mateso.

Mwana wa Mwandiga:
Nimerudi. Jana usiku niliwasomea wote, nikarudia pale pa mtumbwi mara mbili. Mjomba hajaridhika sana, anasema atampigia daktari mwenyewe, nami nimempa namba. Mama mdogo ndiye aliyefunga kikao: "Mimi naenda Mwanza." Shamba haliuzwi. Mawese tuliyonayo ndani yatatosha nauli na chumba cha mwezi wa kwanza. Mama Kasulu, naomba unielekeze dada alipanga mtaa gani. Basi letu ni Jumamosi alfajiri.