Tupeane uzoefu: ukihamia Mwanza, gari unalileta au unaliacha?

Wakuu habari zenu. Nimepata uhamisho kutoka Dar kwenda Mwanza, kituo changu kitakuwa upande wa Bugando. Nina gari dogo, Toyota IST, nina mke na watoto wawili wa shule ya msingi. Wazee kazini wamegawanyika. Wengine wanasema mji ni mdogo, bodaboda zinatosha, niuze. Wengine wananiambia nikiuza nitajuta nikifika. Nyumba sijapata bado. Naomba waliohama wakiwa na gari au bila gari wanieleze walivyoishi, siyo walivyosikia.

Mkazi wa Buhongwa

Karibu sana, kaka. Mimi nilitoka Dodoma na gari langu, na nikiambiwa nihame leo nalibeba tena. Sababu ni watoto. Mwanza imekaa kwenye vilima na ziwa, kwa hiyo barabara kubwa za kuingia mjini ni tatu tu: Kenyatta inayotoka huku kwetu kupitia Mkolani, Nyegezi, Butimba na Mkuyuni; Nyerere inayotoka Igoma kupitia Nyakato na Mabatini; na Makongoro inayotoka uwanja wa ndege kupitia Pasiansi na Kirumba. Daladala zinafuata humohumo. Ukikaa Buhongwa na mtoto anasoma Nyakato, kwa daladala mara nyingi mtaingia katikati ya mji kwanza ndipo mtoke tena, magari mawili kwenda, mawili kurudi, na asubuhi mtoto anabanwa na watu wazima mlangoni.

Lakini kama nyumba, kazi na shule viko kwenye barabara moja, hiyo ni habari nyingine. Wapo majirani zangu wanaishi hivyo na hawana shida yoyote.

Mama wa Isamilo

Mwangaluka! Mimi nasema tafuta nyumba kabla hujazungumzia gari. Watu wa Dar wanaona picha za mawe wanasema pazuri, na kweli ni pazuri, jioni unaliona ziwa lote. Ila nyumba nyingi za milimani njia yake ni ya miguu. Sisi tulipanga nyumba nzuri juu, kodi ya kuridhisha, maji yapo, lakini gari liliishia chini barabarani. Tulikuwa tunalilaza kwenye uwanja wa jirani mwenye geti, tunamlipa yeye na kumwongeza mlinzi kidogo. Gesi ikiisha, mtungi unapanda begani. Mtoto akiumwa usiku, unashuka naye mgongoni gizani kwenye mawe mpaka kulifikia gari. Nililipenda lile gari lakini usiku kama ule halikunisaidia kama nilivyotarajia.

Kwa hiyo ukionyeshwa nyumba Igogo, Mabatini ya juu au Isamilo, muulize dalali swali moja: gari linafika mlangoni? Akikujibu "linafika karibu", mwambie akupeleke ukaone. Nenda mvua ikiwa imenyesha.

Dereva wa IT

Kuhusu safari yenyewe. Naendesha IT, yaani magari yanayotoka bandarini kupelekwa nchi jirani, za kwenda Rwanda na Uganda, njia hii naijua. Dar mpaka Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100, lami tupu: Morogoro, Dodoma, Manyoni, Singida, Igunga, Nzega, Tinde, Shinyanga, Misungwi. Kama una familia ndani, lala Dodoma au Singida. Usitake kufika siku hiyohiyo. Usiku malori ni mengi, mengine yameharibika na yamesimama barabarani bila taa, na ng'ombe wanavuka ukishaingia Usukumani.

Vibao vya 50 viheshimu, trafiki wenye tochi za kupima mwendo wapo kwenye vijiji vingi. Mlima Sekenke, ukishatoka Singida, teremka kwa gia, siyo kwa breki. Mizigo mizito mpe mwenye lori, IST usiijaze mpaka ikalie matairi.

Fundi Nyakato

Naongezea kwa upande wangu. Gari lililoishi Dar, hasa karibu na bahari, likija huku linakuja na kutu ya chumvi chini ya bodi. Ziwa letu ni maji baridi, halitaongeza chumvi, lakini ile iliyopo inaendelea kula. Liinue likaguliwe kabla ya safari.

Shida ya IST hapa ni kwamba imekaa chini sana. Barabara kubwa ni lami, ila ukikunja kwenda mtaani unakutana na mawe na mifereji iliyochimbwa na mvua, Machi mpaka Mei ndiyo balaa. Naona sampu za oili zimepasuka, bushi na shokapu zimekwisha mapema. Wengi wanaweka spesa kuipandisha kidogo. Breki nazo zinaisha haraka kwa wanaokaa milimani. Spea za Toyota zinapatikana mjini, na kikikosekana kitu tunaagiza Dar kinakuja na basi, ila bei inakuwa imepanda.

Mwalimu wa Nyegezi

Mimi niliuza gari Arusha nikaja mikono mitupu. Naishi karibu na stendi ya Nyegezi, nafundisha jirani, nakwenda kwa miguu. Mjini napanda daladala, nikichelewa bodaboda. Nafurahi sihangaiki na ushuru wa maegesho katikati ya mji, maana ukiusahau deni linakusubiri.

Ninapolikumbuka gari ni kwenye misiba na sherehe. Wakwe zangu wako Sengerema. Zamani kulikuwa na foleni ya kivuko Kigongo, sasa Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya maji, limefunguliwa tangu Juni 2025 na mwenye gari anapita moja kwa moja. Sisi tusio na gari tunasubiri basi lijae. Kwa wenye ndugu Ukerewe, meli ya Nansio inatosha. Kwa gari unazunguka Bunda mpaka Kisorya ndipo upande kivuko cha Rugezi.

Mwenye mada

Nawashukuru sana, hasa Mama wa Isamilo. Nimeongea na mke wangu. Siuzi kwa sasa. Natangulia peke yangu kwa basi, gari linabaki kwa shemeji Mbagala, likaguliwe hiyo kutu. Natafuta kwanza nyumba na shule kwenye barabara ya Kenyatta, kuanzia Butimba mpaka Mkolani. Nikipata inayofikika mlangoni, nitarudi likizo ya shule tuje wote na gari. Kama vyote vitakuwa karibu kama kwa Mwalimu, nitaliuza hukohuko Dar.

Mwalimu, hapo Nyegezi kuna vyumba vitatu vyenye uzio na geti? Nicheki inbox.