Kikundi cha Familia: Jumamosi ya Star Trek

Dada Mkubwa (saa 1:05 jioni): Shikamoo Babu, shikamooni wakubwa wote. Kabla ya Jumamosi inatupasa tukubaliane tutazitazama vipi sehemu 79 za Star Trek ile ya mwanzo, tamthilia ya Marekani ya safari za anga za juu, kwa sababu zilivyorushwa hewani, kuanzia tarehe 8 Septemba 1966, sivyo zilivyotengenezwa. Mimi nachagua mpangilio wa kutengenezwa.

Dada Mkubwa (saa 1:40): Naona mmesoma na hamjajibu. Sehemu iliyorushwa ya tatu ilikuwa ya majaribio, iliyotengenezwa kabla ya zile mbili zilizoitangulia hewani, kwa hiyo ghafla Daktari McCoy na Uhura, afisa wa mawasiliano wa chombo, hawamo, daktari ni mwingine, sare ni nyingine, na jiwe la kaburi aliloandaliwa Kapteni Kirk lina herufi R badala ya T ya jina lake la kati. Mgeni atadhani amepitwa na kitu.

Binamu: Huenda R ni pacha wake, ambaye naye hajibu ujumbe wa kikundi.

Dada Mkubwa: Binamu, tafadhali. Na ile ya majaribio ya kwanza kabisa, ya Kapteni Pike aliyemtangulia Kirk, iliyokataliwa na kituo cha televisheni cha NBC, ikaja kuonyeshwa nzima mwaka 1988, tunaiweka wapi?

Kaka (saa 2:50 usiku): Isitangulie, kwa kuwa picha zake nyingi zilitumika tena katika hadithi ya sehemu mbili ya msimu wa kwanza, na tukishaiona, fumbo la hadithi hiyo litakuwa limekwisha. Dada, sijasahau uliponisimulia mwisho usiku ule.

Dada Mkubwa: Hilo tulilimaliza.

Kaka: Ulilimaliza wewe.

Shangazi (saa 3:30): Ndiyo kwanza nashika simu. Mnazungumzia Jumamosi ipi?

Babu (saa 3:42): Marahaba, wajukuu zangu. Tutaanza na ile iliyorushwa kwanza, ya kiumbe mla chumvi, kwa sababu humo kiumbe huyo anajigeuza mwanamume na kumsemesha Uhura kwa Kiswahili, na jina lenyewe la Uhura limetokana na neno uhuru. Habari za ipi ilitengenezwa kabla ya ipi mtazijadili mimi nikishalala.

Dada Mkubwa (saa 3:58): Tumekusikia, Babu. Basi tutaanza na hiyo, kisha tutarudi kwenye ile yenye herufi R na kufuata mpangilio wa kutengenezwa.

Kaka: Babu hakusema turudi.

Binamu: R amesoma, hajajibu.

Dada Mkubwa: Suala la Kapteni Pike bado liko wazi, na naomba kila mtu aseme neno kabla ya Ijumaa.

Shangazi (saa 5:15): Kwani ni Jumamosi hii?