Minyiri ya pweza inashika beseni, inashika kisu, mbona haishikani yenyewe kwa yenyewe?

MkaangajiMkoani

Asalaam aleykum jamaa. Swali langu wengine mtaliona la kipuuzi, lakini linanikera kila nikikaa na beseni langu.

Mie nauza pweza jioni hapa Mkoani, Pemba, wa kukaanga na wa supu. Nanunua kwa kina mama wanaotoka kuchokoa maji ya bamvua, kwa hiyo wananifikia wabichi khasa, wengine ndio kwanza wamegeuzwa kichwa. Nikifika nyumbani nakata minyiri, naitia beseni. Sasa mnyiri umeshatengana na kichwa, pweza mwenyewe keshakufa, lakini unatambaa! Unapanda ukuta wa beseni. Ukiweka kidole, vile vikombe vinakung'ang'ania mpaka uvibandue kimoja kimoja. Kisu unashika. Juzi mmoja ulianguka chini ukashika mkanda wa kandambili yangu.

Hilo nimeshalizoea. Linalonishangaza ni jengine. Minyiri minane imo ndani ya beseni moja, imelaliana, inapitana juu na chini, na hata mmoja haumshiki mwenziwe. Ungetegemea ifungane fundo nisiweze kuitoa. Wapi! Unainua mmoja, unakuja peke yake.

Kwa nini? Kichwa kimo sufuriani kinachemka, nani anauambia mnyiri kuwa yule ni ndugu yako, usimshike?

YakheMalindi

Yakhe, roho haijamaliza kutoka hiyo. Ipe muda. Na hiyo kandambili uliivaa tena?

BintiPanza

Wa aleykum salaam kaka. Muache YakheMalindi na utani wake, swali lako si la kipuuzi hata kidogo. Mie ni mtu wa Kisiwa Panza, mama yangu anachokoa pweza mpaka leo, na huku Unguja nasomesha bayolojia skuli ya sekondari, kwa hiyo umenigusa kotekote.

Hicho unachokiona kwenye beseni ndicho walichokiona Nir Nesher, Guy Levy na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kiebrania, Jerusalem. Makala yao ilitoka 2014. Wao walitumia pweza wa aina ya Octopus vulgaris. Huyu wetu tunayemchokoa miambani khasa ni Octopus cyanea, lakini ni jamaa. Waliona mnyiri uliokatwa unabaki na uhai wake kiasi cha saa nzima, unashika kila unachopewa, isipokuwa ngozi ya pweza. Tena si ngozi ya mwenyewe tu. Hata mnyiri wa pweza mwengine kabisa hauushiki.

Hapo mtu angeweza kuridhika akaandika makala yake akaenda zake. Wao wakauchuna mnyiri mmoja. Basi ile mengine ikaja ikashika pale pale palipochunwa, penye nyama tupu. Wakachukua kisahani cha maabara. Kikiwa kitupu, mnyiri unashika. Wakikifunika kwa ngozi ya pweza, haushiki. Sasa mbishi kama YakheMalindi atasema ni utelezi wa ngozi tu, vikombe vinakosa pa kukamata. Nao walilifikiria hilo: wakazitoa kemikali za ngozi, wakazichanganya na jeli, wakaitandaza juu ya kisahani. Ngozi yenyewe haipo tena, zimebaki kemikali zake tu, na nguvu ya vikombe ikapungua vibaya sana. Kwa hiyo hakuna anayeuambia mnyiri kitu, kaka. Ni ngozi yenyewe inayoviambia vikombe: hapa usifunge.

Mie hilo naliona jambo kubwa, nitasema kwa nini. Wewe mkono wako una viungo vyako, bega, kisugudi, kiganja, na ubongo muda wote unajua kila kimoja kiko wapi. Mnyiri wa pweza hauna kiungo wala mfupa. Unajikunja popote, unarefuka, unafupika, na iko minane, na vikombe ni mamia. Kichwa gani kitaweza kufuatilia yote hayo ili minyiri isifungane? Hakifuatilii. Kuna kanuni moja ya kemikali pale pale kwenye ngozi, kazi imekwisha.

Na mnyiri una nyenzo za kuifuata kanuni hiyo bila kuuliza. Pweza ana chembe za neva kama milioni 500, na kiasi cha thuluthi mbili zimo kwenye minyiri. (Msije mkaniambia pweza ana bongo tisa, kama zinavyosema zile video. Ubongo anao mmoja, na ajabu yake ya kweli inapita hiyo ya kubuni: umezunguka koo lake, kila tonge analomeza linapita katikati ya ubongo.) Halafu mwaka 2020 maabara ya Nicholas Bellono, Chuo Kikuu cha Harvard, ikaonesha kuwa kwenye vikombe kuna vipokezi vinavyoonja kwa kugusa, hata vile vitu vya mafutamafuta visivyoyeyuka vyema majini. Pweza anatia mnyiri ndani ya shimo asiloliona, anajua kama alichogusa ni kaa au ni jiwe.

Kwa hiyo mnyiri ukikushika kidole, ujue unakuonja.

Jaribu mwenyewe: chuna kipande cha mnyiri mmoja, uache na mengine. Lakini usiikoshe kwa maji ya bomba, yataiua. Tia maji ya pwani.

MzeeWaKojani

Binti, umeeleza vizuri, ila unaupa mnyiri sifa nyingi mno, kichwa unakinyima. Mie nimezamia miaka, na haya nimeyaona kwa macho yangu. Pweza akitoka kuwinda hatoki peke yake. Samaki mkundaji anakuwa mbele anachokora, chewa naye yuko pembeni anavizia. Chewa akikaa karibu sana bila kazi, pweza anautoa mnyiri mmoja anamsukumia ngumi, chewa anarudi nyuma. Anampiga yeye, mkundaji hapigwi. Mnyiri usiokuwa na kichwa utajua nani wa kupigwa?

BintiPanza

Babu, shikamoo. Hapo umenishika, na ushahidi uko upande wako. Wataalamu waliyaandika hayo mwaka 2020, kuwa pweza wa Bahari ya Shamu wanawapiga samaki ngumi, dunia nzima ikacheka. Wavuvi wa Kojani wala wasingegeuka kutazama. Mwaka 2024 Eduardo Sampaio na wenzake wakaja na makala ndefu zaidi. Walipiga mbizi saa 120 hivi, wakachukua picha za uwindaji 13 kwa kamera zaidi ya moja ili wapime nani anamvuta nani. Pweza wenyewe ni Octopus cyanea, yaani huyu huyu wa kwetu.

Matokeo ni kama ulivyosema. Wakundaji ndio wanaopekua njia, kundi linafuata wanakoelekea, lakini wakati wa kuondoka na wakati wa kukaa anauamua pweza. Na anayekula ngumi zaidi ni chewa, yule anayengojea cha wenziwe. Kumtambua mzembe kundini si kazi ya kikombe. Hiyo ni amri ya kichwa.

Hata wale wa 2014 waliliona hilo. Walipompa pweza mzima, aliye hai, mnyiri uliokatwa, mara nyengine aliushika kwa vikombe vyake, khasa ukiwa wa pweza mwengine, akaufanya chakula. Ukiwa wa kwake mwenyewe, alikuwa anaubeba kwa mdomo, vikombe haviguswi. Kwa hiyo kichwa kikiwapo kinaweza kuipindua ile kanuni ya ngozi. Kikikosekana, mnyiri unabaki na kanuni tupu, ndiyo anayoiona kaka kwenye beseni.

YakheMalindi

Sasa nimeelewa. Lakini babu, chewa akipigwa ngumi analipiza?

MzeeWaKojani

Alipize nini na yeye ndiye mdoezi. Anajisogeza kidogo, anarudi tena.

MkaangajiMkoani

Jamaa nimejaribu. Pweza wa kwanza hakufaa, mke wangu alimwahi akamkosha kwa maji ya bomba kama kawaida, minyiri ikalala hoi. Wa pili nilimwekea maji ya pwani nusu ndoo.

Kuchuna pweza mbichi ni kazi wallahi. Ngozi inateleza, inakatika vipande, nimemaliza robo ya mnyiri jasho linanitoka. Nikautia beseni pamoja na mengine mitatu. Mwanzo hakuna kitu, inapitana kama siku zote. Mmoja ukawa unatambaa juu ya ule niliouchuna, ukapita sehemu yenye ngozi bila kushika. Ulipofika penye nyama nyeupe vikombe vikakamata, kimoja, viwili, kisha vyote vya hapo. Nikainua mmoja ikaja miwili. Nikaipandisha juu kabisa mke wangu aone, naye akaniuliza kama wateja ninawakaangia saa ngapi.

BintiPanza, wanafunzi wako wakitaka kuja kuona waje maji ya bamvua, na waje na beseni lao. Langu nimenyang'anywa.