Hadithi moja, majukwaa mengi: uanze na kazi yako, uende kwa watayarishaji, au uajiriwe kwanza?

Kalamu_Huru (mleta mada)
Wakuu, naomba tulinganishe jambo hili kwa kina. Nina ulimwengu wa hadithi nilioujenga kwa muda mrefu: mji uliosimama juu ya ziwa lililokauka, familia zinazogombea maji, na msichana anayesikia sauti za visima vilivyofukiwa. Nataka usomwe kama vibonzo, usikike kama mchezo wa kuigiza wa sauti, na baadaye uwe filamu ya katuni au gemu. Nataka pia kazi hii initunze kimaisha.

Njia ninazoziona ni tatu. Kwanza, kutengeneza kitu kidogo mwenyewe na kukitoa bure mtandaoni hadi kipate wasomaji. Pili, kuandaa andiko na kulipeleka moja kwa moja kwa watayarishaji. Tatu, kuajiriwa kwenye studio au chumba cha waandishi, nijifunze kazi huku wazo langu likisubiri. Mliopita huko, ipi ina nguvu na ipi inakula muda?

Mchora_Usiku
Anza na kitu chako, mkuu, na chagua umbo ambalo mikono yako inaweza kulimaliza bila kuomba ruhusa ya mtu. Gemu na filamu ya katuni zinataka timu na fedha. Riwaya ya sura kwa sura inataka wewe na muda wako tu. Vibonzo vinataka wewe na mchoraji, au wewe peke yako ukijua kuchora.

Mfano wa wazi ni Andy Weir. Aliweka riwaya yake The Martian kwenye tovuti yake sura baada ya sura, na wasomaji wenye ujuzi wa sayansi wakamsahihisha akiwa bado anaandika. Mwaka 2011 akaiweka Kindle, duka la Amazon la vitabu vya kielektroniki, kwa senti 99 za dola, kwa sababu wasomaji wenyewe waliomba namna rahisi ya kuisoma. Mwaka 2014 ikachapishwa na kampuni kubwa, na mwaka 2015 ikawa filamu. Hadithi ilifika mezani kwa wakubwa ikiwa tayari na watu wanaoipenda.

Faida nyingine haisemwi sana: kazi iliyokamilika inakuonyesha ni mhusika gani watu wanamfuata. Unaweza kudhani ni msichana wa visima, kumbe wasomaji wanamsubiri bibi yake.

Nyuma_ya_Kipaza
Namuunga mkono Mchora_Usiku, ila naongeza jambo. Watu wengi wakisema hadithi ya majukwaa mengi wanamaanisha kuirudia ileile: kitabu, halafu filamu ya kitabu, halafu gemu ya filamu. Henry Jenkins, msomi wa Marekani aliyelieneza wazo hili kwenye makala yake ya 2003 na kitabu chake cha 2006, alisisitiza kwamba kila umbo lichangie kitu chake, na mtu aweze kuingilia mlango wowote bila kupotea.

Kwa hiyo jiulize: sauti inafanya nini ambacho picha haiwezi? Msichana wako anasikia visima. Hapo tayari una jibu! Kwenye vibonzo itabidi uchore maneno ya kisima, lakini kwenye sauti msikilizaji anakuwa yule msichana. Mimi ningeanzia hapo. Unahitaji waigizaji wachache, chumba kisicho na mwangwi, na mhariri mvumilivu wa sauti.

Redio imewahi kuzaa makubwa. The Hitchhiker's Guide to the Galaxy ya Douglas Adams ilianza BBC Radio 4 mwaka 1978, ikawa riwaya 1979, tamthilia ya televisheni 1981 na gemu ya kompyuta 1984. Matoleo hayo hayafanani kila kitu, na mwandishi hakuona haja ya kuyalazimisha yafanane.

Dada_Mswada
Nawaheshimu wote wawili, lakini mnaipuuza njia ya pili. Si kila mtu ana miaka ya kutoa kazi bure. Kuna programu zinazotafuta mawazo mapya waziwazi, na zinapokea watu wasiojulikana. Malenga Mulendema wa Zambia alichaguliwa kwenye Story Lab, programu ya kukuza mawazo mapya ya studio ya katuni ya Triggerfish, Afrika Kusini, mwaka 2015, na kutoka hapo ikapatikana tamthilia ya katuni Supa Team 4, iliyotoka Netflix mwaka 2023. Iangalieni pia hiyo nafasi kati ya miaka hiyo miwili. Anayekwenda njia hii awe na kazi nyingine ya kumlisha wakati anasubiri.

Sasa namna ya kuwasilisha, maana hapa ndipo mawazo mazuri mengi yanapofia. Yule unayemsimulia kwa kawaida si mwenye uamuzi wa mwisho. Akitoka hapo atakwenda kumsimulia bosi wake, na bosi atamsimulia mwenye fedha. Hadithi yako itasafiri kwa midomo ya watu wasioiandika. Ukiwapa historia ya ziwa lilivyokauka na koo zilivyohama, kufikia mdomo wa tatu kitabaki "kitu fulani kuhusu maji".

Kwa hiyo anza na mtu, anachokitaka, na kinachomzuia. "Msichana anayesikia visima vilivyofukiwa anagundua kwamba familia yake ndiyo iliyovifukia." Mtu yeyote anaweza kuirudia sentensi hiyo akiwa kwenye lifti. Halafu eleza hali ya hadithi: inatisha, inachekesha, ni ya rika gani. Halafu safari ya msimu wa kwanza, ukitaja na mwisho wake. Usifiche mwisho eti kulinda mshangao, kwa sababu mnunuzi anataka kujua kama unajua unakokwenda. Kisha sema kwa nini ni wewe wa kuisimulia. Mambo ya gemu na vibonzo yataje mwishoni kwa ufupi, wakikuuliza ndipo ufungue. Ukianza na majukwaa matano, wanasikia gharama kabla hawajaisikia hadithi.

Na uwe na wazo la pili mfukoni. Wakikataa la kwanza, swali lao huwa: "Una kingine?"

Hakimiliki_Kwanza
Niwaongezee upande wa sheria, kwa ujumla tu, kwa sababu kila nchi ina yake.

Wazo tupu halilindwi. Mkataba wa TRIPS, ule wa kimataifa kuhusu biashara na haki za ubunifu, unasema wazi kwamba hakimiliki inalinda namna wazo lilivyoelezwa, wazo lenyewe halimo. Kilichoandikwa, kuchorwa au kurekodiwa, hicho kinalindwa, na chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, wa kimataifa kuhusu hakimiliki, baada ya marekebisho yake, ulinzi huo katika nchi wanachama hauhitaji usajili. Ndiyo maana mtu mwenye sura zilizokamilika anaingia kikaoni akiwa na mali, na mwenye sentensi moja anaingia na matumaini. Kumwomba mtayarishaji asaini mkataba wa kutunza siri kabla hujafungua mdomo mara nyingi kunafunga mlango, hivyo tunza tarehe, barua pepe na nakala za kila toleo.

Kubwa zaidi ni haki za maumbo mengine. Andrzej Sapkowski, mwandishi wa vitabu vya The Witcher, aliuza haki za gemu kwa malipo ya mkupuo, kwa sababu hakuamini kwamba gemu hizo zingefaulu. Zilipofaulu, mwaka 2018 aliidai kampuni iliyotengeneza gemu hizo zloti (fedha ya Poland) milioni 60, na mwaka uliofuata wakafikia makubaliano mapya. George Lucas alifanya kinyume: kwa Star Wars ya 1977 alishikilia haki za bidhaa na za filamu za kuendeleza, na utajiri wake ulijengwa hapo.

Ukipewa mkataba, tafuta maneno yanayosema haki zote, kwa maumbo yote, yaliyopo na yatakayogunduliwa. Hayo ndiyo ya kujadili. Mtu anayetaka filamu mpe filamu, tena kwa muda maalumu, na haki zirudi kwako asipoitengeneza.

Fundi_wa_Chumba
Njia ya tatu nimeiishi. Ajira inakufundisha kuandika kwa tarehe, kupokea masahihisho bila kununa, na kujua nani hasa anaamua. Ila mikataba mingi ya ajira inasema unachobuni kazini ni cha mwajiri. Kabla ya kusaini, orodhesha kwenye kiambatisho kazi zako za zamani kwa majina, ulimwengu wa ziwa ukiwemo. Mwajiri makini hakatai jambo hilo. Na usiufungue ulimwengu huo kwenye kompyuta ya ofisi.

Kalamu_Huru (mleta mada)
Asanteni sana, mmenifungua macho. Naelekea kwenye sauti kwanza, vipindi vichache, huku nikituma andiko kwenye programu za wazi zikitokea. Nyuma_ya_Kipaza, nikishirikiana na waigizaji na mtu wa sauti bila malipo ya awali, haki zinakaaje?

Nyuma_ya_Kipaza
Andikianeni kabla ya kurekodi neno la kwanza. Hadithi, wahusika na maumbo mengine vibaki kwako. Wao wapate asilimia ya mapato ya tamthilia ya sauti, majina yao yatajwe kila mahali inapotoka, na waigizaji waitwe kwanza ikija awamu ya pili. Usiahidi asilimia ya filamu ambayo haijakuwepo.

Hakimiliki_Kwanza
Ongeza kifungu kimoja: kila mmoja akuruhusu kwa maandishi kuitumia sauti yake kumwonyesha mtayarishaji. Bila hicho, siku ukiitwa kikaoni utakuwa unawatafuta watu watano kwa simu.